Waya Aliouchomoa Baba Yako Mdogo

Idi mwanangu,

Usisome barua hii mbele ya watu. Isome ukiwa melini, mkishaacha bandari ya Bujumbura, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunigombeza. Nakujua. Ungeisoma hapa nyumbani usingeondoka, na usipoondoka wale vijana wenye bunduki watakuja kukuchukua.

Habari za sweta, za vidonge vya malaria na za nani atakupokea Kigoma nimeshazisema mpaka ukanikimbia. Umekwenda mtaa wa Buyenzi kuaga wenzako, na mi nimerudisha mlango wa duka nusu, nimekaa kwenye meza ya piyesi, hivi vipuri vya gari, kama ninayepanga mali. Alasiri imeshaswaliwa. Nataka niwe nimemaliza kabla ya saa ya kutotoka nje, maana we ukiingia tu utauliza naandika nini, na uongo wangu siku hizi unaukamata. Kiswahili changu ni cha madrasa kilichochanganyika na cha hapa mtaani Bwiza. Usinicheke.

Nataka kukuambia habari za Shabani, baba yako mdogo, ambaye utalala chini ya paa lake na kula chakula chake. Unamjua kama mdogo wa marehemu baba yako, fundi wa bwati, yaani sanduku za gia za gari, mtu aliyehamia Kigoma baada ya msiba kwa sababu huzuni ilimzidi. Hivyo ndivyo nilivyokuambia mi mwenyewe. Si hivyo. Namchukia Shabani. Namchukia nikiamka, namchukia nikitia chumvi kwenye mboga, na juzi nilipokubali akupokee nilikubali huku nimeuma meno.

Kwanza nikueleze gari, maana bila gari hutamwelewa huyo mtu. Injini unazijua, Mzee Kassimu amekufundisha vizuri. Bwati ya otomatiki bado, na ndiyo unayokwenda kujifunza huko.

Ziko zile gari za Kijapani zinazovuta kwa miguu yote minne bila shoferi kushika kitu. Zamani sana kulikuwa na kifimbo pembeni ya kiti: unaona tope, unasukuma, nyuma inaingia kazini. Baadaye wakaondoa kifimbo, bwati yenyewe ikawa ndiyo inayoamua. Mkiani mwa bwati mna disiki zilizopangwa pamoja, na mafuta ndiyo yanayozibana. Zikibanwa, nguvu inakwenda nyuma. Zikilegea, inabaki mbele. Anayefungua na kufunga njia ya mafuta hayo ni valvu ndogo ya umeme, haizidi kidole gumba, na kompyuta ya gari inaiamrisha kwa waya mmoja.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa gari za miaka ya kwanza, umeme ule ulikuwa wa kulegeza. Kompyuta ikitaka nyuma ipumzike, inatuma umeme. Kwa hiyo ukiuchomoa waya, mafuta yanabana moja kwa moja na gari inavuta kwa yote minne, itake isitake. Kwenye lami kavu inagoma kona na kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa, lakini kwenye tope la milimani inapanda. Mafundi wote wa Bwiza waliijua hiyo dawa. Mtu akiwa anakwenda kwao juu wakati wa mvua anakuja anasema fundi, nichomolee. Akirudi mjini anarudishiwa.

Halafu zikaja gari za miaka iliyofuata. Sura ile ile, taa zile zile, hata bwati ukiitazama kwa nje huoni tofauti. Kumbe ndani wamegeuza: umeme sasa ni wa kubana. Hapo ukiuchomoa waya, nyuma inakufa kabisa. Na ubaya wake haikuambii. Hairuki kwenye kona, hailii, kwenye lami inakwenda laini kuliko mwanzo, na shoferi hajui kitu mpaka akutane na mlima na matope. Miaka hiyo gari zilipoanza kuingia, mafundi wengi walikosea. Walichomoa kwa mazoea, watu wakakwama, wakarudi kuwatukania mama zao. Likawa kosa la mji mzima, wanacheka juu yake wakinywa chai. Shabani alijificha ndani ya kosa hilo, na mpaka leo watu wanaamini.

Baba yako alikuwa mtu wa injini tu. Bwati hakuzigusa. Mteja akileta ya otomatiki alikuwa anasema hiyo mpe Shabani, na kweli, kwa bwati hakuna aliyemfikia Shabani katika mji huu, hilo siwezi kumnyang'anya hata kwa chuki yangu. Walifanya kazi pamoja hapo nyuma ya duka, mi nauza piyesi hapa mbele, na tulikula sahani moja. Kisha vita ikaingia mitaani. Wale vijana wakaanza kuleta gari zenye tundu za risasi mlangoni na hawana funguo. Baba yako alikataa kuzigusa. Shabani alizipokea kwa siri, akabadilisha namba, akazipaka rangi. Baba yako alipogundua alimwambia mbele yangu atafute mahali pake pengine, hapa mwisho wake ni mwisho wa mwezi. Shabani aliosha mikono, akanywa chai yangu yote, akatoka. Nilimwambia baba yako kwamba huyu hajakubali. Akaniambia, "Ni mdogo wangu, atapoa." Basi. Hivyo ndivyo baba yako alivyokuwa, na mi nilimpenda kwa hilo, na hilo ndilo lililomuua.

Kabla mwezi haujaisha akaja mwalimu mmoja wa mtaa wa Mutakura na gari iliyokuwa pacha wa gari yetu. Mwaka ule ule, rangi tu ndiyo tofauti. Akaomba achomolewe waya, anakwenda juu kumzika mjomba wake. Mi nilikuwa hapa hapa, namtafutia mtu mwingine plagi. Nikamsikia Shabani kwa masikio yangu haya.

"Apana, mwalimu," akasema. "Hii yako ni ya miaka hii mipya. Ukichomoa hii, nyuma inakufa, unabaki na mbele tu. Ukikwama huko juu watakuua."

Akapiga magoti, akamwonyesha kwa kidole mkia wa bwati, akamweleza kama mwalimu anavyomweleza mtoto. Hayo yote niliyokuandikia hapo juu nimeyajua kwa kinywa chake. Na mi mjinga nikafurahi moyoni kwamba leo nimejifunza kitu.

Haikupita wiki, mama yako mdogo Zainabu akatuma habari kutoka kule juu upande wa Bugarama, alikokuwa ameolewa. Nyumba zinachomwa, mumewe hajulikani alipo, aende mtu akamchukue yeye na watoto. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku. Baba yako akamwomba Shabani aiandae gari, na mi nikatoka kwenda kwa jirani kuazima mablanketi ya watoto. Nilipita mlango wa nyuma na kurudi kwa mlango wa mbele, muda mfupi huo tu, Idi. Niliporudi gari ilikuwa imeshawashwa, baba yako ameshika usukani, akanipigia honi. Sikumsikia Shabani akimwambia kitu. Ningemsikia ningejilaza mbele ya matairi.

Kwenda alikwenda salama, maana alisimama kwenye lami na Zainabu alishuka kwa miguu mpaka katikati ya njia. Lakini mtoto mdogo alikuwa mgonjwa, na mizigo mingi, ikabidi gari iingie ile njia ya udongo kidogo kuwafuata. Kutoka ndiyo ikashindwa. Zainabu anasema matairi ya mbele yalikuwa yanachimba na ya nyuma yamesimama tu. Baba yako akashuka, akatazama, akacheka kidogo. Akamwambia, "Shabani kaniambia amechomoa, nyuma inavuta." Hakuwa na hasira. Alidhani waya umeshikana tena kwa mtikisiko. Akaingia chini ya gari kuutafuta.

Ni huko chini wale waliokuwa wakichoma nyumba walikomkuta, wakamuua. Wakati wanatoka kwenye migomba Zainabu aliwaona, akawavuta watoto, akakimbilia upande wa pili. Baba yako alikuwa amelala chali kwenye tope, mikono yote miwili juu kwenye bwati. Hakupata hata nafasi ya kusimama. Sikutaka ulijue hili, na kwa miaka yote nilikuambia alipigwa risasi akiendesha, kwa sababu nilifikiri kwa mtoto hiyo ni nafuu. Leo we si mtoto.

Msibani Shabani alikuja, akaanguka miguuni pangu mbele ya watu wote.

"Shemeji, nilidhani ni ya zamani," akasema. "Nilidhani ni ya zamani."

Watu wakalia naye. Mzee Kassimu, Mungu amweke, akanishika bega akaniambia hata yeye ameshawahi kukosea hiyo hiyo, fundi gani hajakosea. Sheikh akasema nimsamehe hadharani ili marehemu apumzike. Na we, bado mdogo huelewi lolote, ulikuwa umekaa ubavuni pake, umemshika mkono baba yako mdogo, hutaki kumwachia. Nikatazama mkono wako ndani ya mkono ule. Nje ya uzio walikuwa wamesimama wale vijana marafiki zake, wamekuja kutoa pole na bunduki zao. Nikasema nimesamehe. Sikusamehe. Nilisema kwa mdomo ili nikurudishe ndani ukiwa hai.

Baada ya arobaini akavuka kwenda Kigoma. Hakudai garaji, hakudai hata spana zake. Watu wakasema mnaona, mtu wa huruma. Mi nilisema moyoni, anakimbia meza hii, kwa sababu anajua nilikuwa nimekaa wapi siku ile mwalimu wa Mutakura alipokuja.

Usidhani mama yako alikaa tu akilia. Nililipa kisasi, Idi, na nikuambie ukweli nilikifurahia. Alipofungua garaji huko, akaanza kuagiza piyesi kwangu kupitia Mama Riziki, yule mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda na kurudi na meli. Anajua mi ndiye ninayefungua bwati za gari zilizokufa na kuuza vilivyomo. Anaagiza valvu ya mwaka fulani, mi namtumia ya mwaka mwingine. Inaingia vizuri kabisa, plagi inashika, boliti zinakaa, na kazi inafanyika kinyume. Namfungia kwa gazeti zuri, natia na salamu. Nilikuwa nikimwona kichwani amelala chini ya gari ya watu, mteja anamtukana, anachomoa, anachomeka, haelewi. Kuna siku nilicheka peke yangu hapa mpaka mteja akauliza kuna nini.

Mama Riziki akirudi namchokonoa: vipi shemeji, biashara inakwenda? Anasema wateja wanamkimbia, wanasema mkono wake umeharibika. Nikipata habari hiyo usingizi wangu unakuwa mtamu. Halafu siku moja akaniambia juu ya shoferi mmoja wa Kasulu, mtu mzima, gari yake ilishindwa mlima akalala porini na abiria, mmoja wao mama mjamzito. Hawakudhurika. Lakini yule shoferi hakunifanyia kitu. Tangu hapo namtumia Shabani piyesi za mwaka aliouomba. Nilibadilisha njia, sikubadilisha moyo.

Lakini kitu kilichonimaliza si hicho. Muda wote huo Shabani hakulalamika hata mara moja. Fundi kama yeye, anashika valvu mkononi, hata akiwa amefumba macho anajua ni ya mwaka gani. Alijua namtumia za mwaka mwingine kwa kusudi. Na bado aliagiza tena. Alichukua, akafunga, akatukanwa, akaagiza tena. Mtu asiye na kosa angeniandikia aseme shemeji, una wazimu? Yeye hakusema kitu, kwa sababu alijua ninalolijua. Hapo nikapata uhakika ambao hakuna hakimu angenipa. Na hapo nikamchukia zaidi, kwa sababu alikuwa amegeuza kisasi changu kuwa dawa yake. Kila nikimpiga yeye anapata nafuu.

Sasa unaniuliza, basi mama, kwa nini unanipeleka kwake? Unajua kwa nini. Wale vijana wamekuja mara ya pili. Wanataka fundi wao, anayejua kuwasha gari bila funguo na kuendesha. Walikaa hapa kwenye meza wakanywa fanta yangu, wakaniita mama, wakasema Ijumaa ikipita wanakuja kukuchukua. Nimegonga mlango wa kila ndugu. Wa Rumonge amekimbia, wa Uvira nyumba imechomwa, wa Dar hajibu. Aliyejibu ni mmoja. Kati ya bunduki na Shabani nimemchagua Shabani, na kama kuna adhabu Mungu ameniandalia kwa zile valvu, nadhani ndiyo hii.

Na nisingekuandikia. Ningekuacha uende na ule uongo wangu wa siku zote. Kilichonikalisha hapa ni maneno aliyoleta Mama Riziki wiki iliyopita. Alisema Shabani anasema hivi: mtoto wa kaka aje, nitamfundisha yote ninayoyajua, garaji itakuwa yake, na akifika kuna jambo nitamwambia mwenyewe, mtu na mtu.

Nilielewa palepale. Anataka kukukalisha chini, akulilie wewe. Amejua kwangu hapati, sasa anamtafuta mtoto mwenye sura ya kaka yake amwambie ukweli, na mtoto, kwa kuwa ana moyo wa baba yake, atamwinua na kumwambia yameisha, baba mdogo. Halafu atalala usingizi. Baada ya yote haya Shabani atalala usingizi! Apana. Hapo nimesema apana, na ndiyo maana nimemtangulia. Utafika ukijua.

Najua damu yako inachemka sasa hivi huko ulipo. Unafikiri juu ya spana nzito, juu ya jeki inayoweza kuteleza mtu akiwa chini ya gari. Mi nimefikiri hayo yote kabla yako, na kwa ufundi zaidi. Usimguse. Sikukutoa mikononi mwa wauaji wa hapa ili ukawe mwuaji wa kule. Ukimgusa nimekupoteza na wewe, na Shabani atakuwa amenichukua wawili. Sikiliza unisikie: huyo mtu si wako. Ni wangu.

We kula chakula chake, ushibe. Mwamkie asubuhi kama watoto wenye adabu wanavyomwamkia baba mdogo. Jifunze. Mchukulie kila kitu kilichomo kichwani, gari za kila mwaka, waya kwa waya, usimwachie hata kimoja. Akikupa garaji, pokea. Vidole vyako ni vyake, nimeviona tangu ukiwa mdogo ukifungua redio, na imeniuma sana kwamba mikono yako imefanana na yake na si na ya baba yako. Basi acha ifanye kazi iliyomshinda yeye. Mteja akikuletea gari, mwambie kweli yake, hata kama unamchukia, hata kama ni ndugu yako. Hasa kama ni ndugu yako.

Na ile siku itakuja. Atafunga mlango wa garaji mapema, atakuletea chai, ataanza kwa kukusifu. Mwache aseme. Usimkatize, usimsaidie neno, alitoe lote mpaka la mwisho. Akimaliza akakutazama akisubiri, we mwambie, "Mama alikwishaniambia." Kisha uchukue taa urudi chini ya gari uliyokuwa unaitengeneza.

Atakufuata. Atakuomba. Mwambie huna cha kumpa, hakikuwekwa kwako. Meli inakuja Bujumbura kila wiki, Bwiza anaijua, duka halijahama. Aje mwenyewe, akae kwenye kile kiti cha wateja, aniangalie usoni na aniambie alijua ile gari ilikuwa ya mwaka gani. Siku hiyo nitamsikiliza. Sijasema nitamsamehe.

Nasikia unapiga soga na muuza mkaa hapo nje, unacheka. Namaliza.

Mama yako, mjane wa Athumani